Raundi Moja Juu ya Gunia

Adhuhuri moja bondia Tingatinga aliingia nyumbani kwa muuza mkaa, akavua viatu mlangoni, akajitupa kwenye kochi na kuuliza chakula kiko wapi. Muuza mkaa, mjane asiyeishiwa maneno, alidhani ni utani. Akamjibu kwamba chakula kipo, ila kwanza alete posa. Tingatinga hakucheka. Alitazama pazia, akatazama picha ya marehemu mwenye nyumba ukutani, kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyeamshwa ghafla, "Mmepaka rangi hii lini?"

Ilibidi mama wa watu amshike mkono wa shati na kumvusha kichochoro. Nyumba zao zilikaribiana kwa sura, baraza fupi na mlango wa mbao, na mtu mgeni angeweza kukosea. Lakini Tingatinga hakuwa mgeni. Alizaliwa kwenye kichochoro hicho hicho.

"Mke mwenzangu!" muuza mkaa alimwita mke wa Tingatinga, aliyekuwa barazani akimsuka mteja. "Nimekurudishia mzigo wako. Leo kaja mikono mitupu. Siku akija na nguo zake, simrudishi ng'o."

Mteja alicheka mpaka kichwa kikamponyoka msusi mikononi. Tingatinga naye alicheka, akasema jua la leo limemvuruga, akaingia ndani. Mkewe alicheka kidogo, kwa adabu, huku vidole vyake vikitafuta ule msuko ulioachia. Ni mtu mmoja tu ambaye hakucheka, naye alikuwa pembeni ya baraza, amepiga magoti mbele ya kiti kilichochunwa ngozi, misumari midogo ameiuma mdomoni kama kawaida ya mafundi viti. Huyo alikuwa Mzee Sabuni, baba yake Tingatinga. Aliitoa misumari mmoja mmoja, akaiweka kwenye kopo, akakaa chini kabisa sakafuni.

Jina la Sabuni alilipata ulingoni enzi za ujana wake. Waliojaribu kumpiga walisema ni kama kuokota kipande cha sabuni kwenye maji. Unakiona, unakishika, hukipati. Alistaafu ngumi akiwa na pua iliyonyooka na meno yake yote, jambo ambalo wenzake walilitaja kama aibu. Mwalimu wake wa zamani, mbeba mizigo wa bandarini, alikuwa akiwasimamisha vijana juu ya gunia lililokunjwa, mikono nyuma, na kuamuru wenzao wawapige. Mguu usitoke kwenye gunia. Kilichoruhusiwa kusogea ni kichwa, mabega na kiuno. "Ngumi haianzii mkononi," alikuwa akisema. "Inaanzia begani. Na kabla ya bega kuna pumzi. Ukiisikia pumzi, ngumi ni habari ya jana."

Watu hawakumpenda Sabuni. Wakati wake walimzomea na kumrushia maganda ya machungwa, wakimwambia kama anataka kucheza dansi aende ukumbi wa dansi. Sasa alibaki peke yake na ule ujuzi, kama mtu anayejua lugha ambayo wazungumzaji wengine wote wamekufa.

* * *

Jioni ile alimfuata mwanawe uani. Tingatinga alikuwa akianika bendeji zake za mikono kwenye kamba, ndefu na nyeupe. Alianika moja, akaishusha, akaianika tena.

"Leo si mara ya kwanza," mzee alisema.

"Mara ya kwanza ya nini?"

"Juzi ulimwita mkeo kwa jina la marehemu mama yako. Mwenyewe hukusikia. Yeye alisikia, akanyamaza."

"Baba, nina pambano la mkanda mbele yangu. Kichwa kimejaa mambo."

"Kichwa kimejaa ngumi, mwanangu."

Tingatinga aligeuka. Alikuwa mwanamume mpana, mwenye nyusi zilizopasuka na kushonwa mara nyingi hadi zikawa kama mshono wa kiatu. Hakuwa mtu wa hasira nyumbani. Hata sasa aliongea kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza baba yake zaidi.

"Ulinifundisha gunia lako nikiwa mdogo. Nilikuamini. Pambano langu la kwanza nikakwepa, nikakwepa, yule jamaa hakunigusa. Unakumbuka walifanya nini? Walinirushia chupa. Promota akaniambia nisirudi. Pambano la pili nikasimama katikati, nikala ngumi, nikatoa ngumi, damu huku na kule. Siku hiyo hiyo wakanipa jina. Sasa unataka nirudi kwenye chupa?"

"Nataka urudi mlangoni kwako bila kuongozwa."

"Nikishuka sokoni watu wananibeba mabegani, Baba. Wewe nani aliwahi kukubeba?"

"Hakuna," Mzee Sabuni alikubali. "Lakini wanaokubeba mabegani leo hawatakulisha uji kesho."

Tingatinga alicheka, akampiga baba yake begani kidogo, kwa mapenzi, akaingia ndani. Bendeji moja ilikuwa imeanguka na kulala kwenye vumbi. Mzee aliiokota, akaisuuza, akaianika.

* * *

Kila Ijumaa Mzee Sabuni alikuwa na mahali pa kwenda. Mke wa Tingatinga alijua hivyo, ila hakuwahi kuuliza ni wapi, kwa kuwa mkwe ni wa kuheshimiwa na safari zake ni zake. Ijumaa iliyofuata mzee alimwambia, "Mama, funga kazi kidogo. Twende wote."

Walitembea hadi kwenye nyumba moja nyuma ya kiwanda cha matofali. Kwenye kizingiti alikaa mwanamume mkubwa, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine alivyoombwa avishike. Alikuwa amevaa sweta ingawa kulikuwa na joto. Dada yake, bibi mwembamba mwenye kitambaa begani, alikuwa akimfuta mate.

"Bomu," Mzee Sabuni alisema, akichutama mbele yake. "Habari za leo?"

Bomu alimtazama kwa furaha. "Nzuri. Wewe nani?"

"Mimi Sabuni."

"Sabuni!" Bomu alicheka. "Namjua huyo. Mwoga sana. Haji huku."

"Haya. Nikimwona nitamsalimia."

Alikaa naye, wakatazama wapita njia. Bomu aliuliza tena yeye ni nani, akajibiwa tena, akacheka tena kwa furaha ile ile. Walipokuwa vijana watu hawa wawili walisafiri pamoja kwenda kwenye mapambano, wakalala kitanda kimoja, wakagawana taulo. Bomu ndiye aliyebebwa mabegani. Ndiye pekee aliyemwelewa Sabuni alipokuwa akieleza kwa nini alikwepa kuelekea kushoto badala ya kulia. Wengine wa rika lao walikuwa wameshazikwa, au walikuwa kwenye vizingiti kama hiki.

Msusi alivuta kigoda karibu na dada wa Bomu. "Ilianzaje, bibi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Milango," bibi alijibu bila kufikiri. "Alianza kukosea milango. Tulimcheka sana, mwanangu. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Nilikuwa nikimwita mfalme, nikisema kila nyumba ni yake."

Njiani kurudi mke wa Tingatinga alitembea hatua chache nyuma ya mkwe wake, na walipokaribia nyumbani alisimama.

"Baba, nilikuwa najua," alisema. "Nimejua tangu zamani kidogo. Usiku anashika kichwa. Nilijiambia ni uchovu. Nilijiambia tupate huu mkanda kwanza, watu watuheshimu, halafu apumzike."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Sasa tufanye nini? Nikimwambia mimi, atasema nimeingiwa na woga wa kike. Ukimwambia wewe, anasema una wivu."

"Anasema nina wivu?"

Msusi alitazama chini. Neno lilikuwa limeshatoka.

* * *

Ukumbi wa mazoezi ulikuwa ghala la zamani lenye paa la bati. Mifuko ya kupiga ilining'inia kwa minyororo, muziki ulipigwa kwa sauti ya juu, na ukutani palikuwa na bango kubwa la pambano: Tingatinga amekunja uso, damu imechorwa kwenye nyusi zake ili watu wajue wanachokuja kutazama. Mzee Sabuni aliingia na kofia mkononi. Alikuwa amevaa shati lake la kwenda kutembelea watu.

Kocha alikuwa kijana mchangamfu, si mtu mbaya. Alimletea mzee kiti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu, siku ya pambano daktari anakuwepo. Anapima presha, anapima kila kitu."

"Presha haiko kichwani. Nataka apigwe picha ya kichwa kabla ya kupanda ulingoni."

"Akishapigwa picha, habari zikavuja, promota atasema bondia mgonjwa. Pambano linakufa. Unajua tumehangaika kiasi gani kulipata?" Kocha aliinama, akashusha sauti kwa heshima. "Na samahani, mzee, ila mchezo umebadilika. Zamani mlikuwa na muda wa kukwepa. Siku hizi ni nguvu na pumzi. Mtu akikwepa raundi nzima, watazamaji wanatoka kwenda kununua soda."

Vijana walikuwa wamesogea. Mmoja alisema, "Mzee Sabuni, povu bado lipo?" Wenzake wakacheka. Hapo Tingatinga akateremka kutoka ulingoni, jasho linamtiririka, akamvuta baba yake pembeni, lakini si mbali kiasi cha watu kutosikia.

"Baba, nenda nyumbani. Unaniaibisha kazini kwangu."

Mzee Sabuni alitazama huku na huku. Mlangoni, chini ya kizingiti, palikuwa na gunia tupu la kufutia miguu. Alikwenda, akalikung'uta, akalikunja mara mbili, akalitandika sakafuni katikati ya ukumbi. Alivua viatu, akasimama juu yake, akaweka mikono nyuma.

"Raundi moja," alisema. "Nipige usoni. Ukinigusa, hata kwa kunipangusa tu, sitasema neno tena. Nitakuja ukumbini siku ya pambano nikupigie makofi kama wengine. Usiponigusa, unakwenda kupimwa kichwa kabla ya kupanda."

"Siwezi kumpiga baba yangu."

"Basi nenda kupimwa."

Vijana walianza kupiga kelele. Wengine walishatoa simu. Kocha, aliyeona hapo nafasi ya jambo zima kwisha kwa kicheko, alileta glavu kubwa nyekundu za mazoezi, laini kama mito. "Mguse tu polepole, bingwa, mzee aende akapumzike," alisema. Tingatinga aliwatazama watu, akamtazama baba yake aliyesimama peku kwenye gunia, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Akanyoosha mikono avalishwe glavu.

"Umesema mwenyewe," alimwambia baba yake. "Mbele ya watu wote."

"Mbele ya watu wote."

Kengele ililia.

Ngumi ya kwanza ilikuwa ya huruma, na mzee aliipisha kwa kugeuza shingo tu. Ya pili nayo. Watu walicheka. Ya tatu ilikuja kwa kasi, na Sabuni aliviringisha bega, ikapita juu yake kama mtu aliyekosa ngazi. Ukumbi ulipiga yowe la furaha. Mtu alizima muziki. Tingatinga alijaribu kulia, kushoto, kulia. Kichwa cha baba yake kilikuwa hapo, kisha hakikuwa hapo, na kila kilipoondoka kilisogea kidogo tu, upana wa kiganja, bila haraka. Miguu haikutoka kwenye gunia.

Kwa muda mfupi sana Mzee Sabuni alikuwa na raha. Lazima isemwe. Miaka mingi hakuna aliyemtazama akifanya kitu hiki, na sasa vijana walikuwa wakiliita jina lake kwa kelele, si kwa kumzomea. Alisikia pumzi, akaona bega, akapisha. Magoti yalimuuma, kifua kilibana, lakini mwili ulikumbuka. Alijisemea moyoni: kumbe bado.

Kisha akasita. Kumbe bado nini? Yeye ni mzee. Asubuhi huinuka kitandani kwa kushika ukuta. Uzi wa kushonea viti humshinda kupenyeza kwenye sindano, mkwewe ndiye humsaidia. Mtu kama yeye hawezi kumkwepa bondia anayeenda kupigania mkanda. Hilo haliwezekani, hata kwa sabuni.

Akaacha kutazama ngumi, akamtazama mwanawe. Ndipo alipoona. Bega la kushoto liliondoka, kisha pakawa na pengo, na baada ya pengo ndipo mkono ukafuata, umechelewa, kama mgeni aliyepotea njia na kulazimika kuuliza. Kila ngumi ya kushoto ilifika hivyo. Wakati fulani Tingatinga alirusha mkono mahali ambapo kichwa cha baba yake kilikuwapo kitambo kilichopita, na macho yake yalibaki pale pale, yakingoja. Watu walicheka.

Si kwamba yeye alikuwa hodari. Mtoto alikuwa ameharibika.

Sasa Tingatinga alikuwa anahema kwa mdomo, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho baba yake hakuwa amekiona tangu mtoto huyu alipokuwa mdogo na kukosa kitu mbele ya wenzake. Alikuwa karibu kulia. Ingetosha kusimama tu. Ingetosha kuliacha shavu mahali pake kwa mara moja, ile glavu laini imguse, watu wapige makofi, mtoto arudi nyumbani na heshima yake. Shingo ya mzee ilikaza. Ngumi ilikuja, ikakaribia, na Sabuni akaipisha. Ikaja nyingine. Akaipisha nayo, na nyingine, macho yamejaa machozi hata bega lenyewe akawa halioni vizuri, anasikiliza pumzi tu.

Kengele ilipolia, vijana waliruka na kushangilia, wakataka kumbeba mzee mabegani. Aliwasukuma. Kocha peke yake hakushangilia. Alikuwa amesimama na saa yake mkononi, anamtazama Tingatinga, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona alichokuwa anaepuka kukiona. Tingatinga alivua glavu kwa meno, akaziacha zianguke, akatoka na bendeji mikononi, bila kuchukua viatu vyake.

* * *

Tingatinga alitimiza ahadi. Hilo watu husahau wanaposimulia kisa hiki. Alikwenda hospitali na mkewe, akalala kwenye mashine, na daktari, mama mmoja aliyeongea polepole, akawaonyesha madoa kwenye picha na kusema kwamba kichwa hiki kisipigwe tena, hata kwa mchezo. Kilichokwisha kuharibika hakitarudi. Kilichobaki kinaweza kubaki kwa muda mrefu, kikitunzwa. Bango la ukumbini lilibanduliwa na kubandikwa jingine.

Lakini video ilikuwa imeshasambaa. Bingwa ashindwa kumgusa babu, waliandika. Sokoni walimzunguka Tingatinga na kumwonyesha, wakicheka bila ubaya. Kondakta mmoja aliweka mikono yake nyuma, akayumbisha kichwa mbele yake kumwigiza mzee. Muuza mkaa, aliyekuwa na utani kwa kila jambo, alipoona hivyo aliwafukuza kwa ufagio, na tangu siku hiyo hakutania tena kuhusu milango.

Jioni moja barazani Tingatinga alimsubiri baba yake amalize kugonga msumari ndipo akasema.

"Ungeniacha nikuguse mara moja."

"Ungepanda ulingoni."

"Mara moja tu, Baba. Nami ningekwenda hospitali mwenyewe baadaye, taratibu, kama mtu mzima. Uliona ninavyohangaika. Nilikutazama machoni, uliona."

"Niliona."

"Na ukaendelea."

Mzee Sabuni aliweka nyundo chini. Kukwepa alikuwa anajua. Hili hakujua alikwepe upande gani. "Niliendelea," alisema.

Shemeji yake Tingatinga alikuwa na ghala la vigae na saruji katika mji mwingine, akampa kazi ya kusimamia upakiaji. Familia ilihama. Walipokuwa wakipakia vitu, mzee alibeba vitu vidogo vidogo, mito na ndoo, akivifikisha kwenye gari na kurudi. Alingoja aambiwe "na wewe, Baba, chukua begi lako." Msusi alimtazama mumewe, mumewe akawa anakaza kamba. Gari liliondoka. Mzee alirudi ndani, akafagia pale barazani ambapo nywele za wateja zilikuwa zimebaki kwenye nyufa za saruji.

Nyumba ilikuwa kubwa sana kwa mtu mmoja. Alizoea kupika kidogo, kisha akazoea kula kilichobaki. Muuza mkaa alimpigia hodi mara kwa mara, akisingizia kuomba chumvi ambayo kwake ilijaa kopo. Vijana nao walikuja, wakiwa na gunia kabisa mkononi, wakitaka awafundishe. Aliwapokea kwa shauku, akawaambia kwamba kazi hii inaanza kwa kusikiliza pumzi ya mwenzako, na kusikiliza kunachukua miezi. Walitaka akwepe wampige picha. Alikwepa kidogo, wakapiga picha, wakamshukuru, wakaondoka na gunia lao. Hakuna aliyerudi.

Ijumaa aliendelea kwenda kwa Bomu. Siku moja alimsimulia kila kitu: bega la kushoto, lile pengo, ngumi iliyochelewa. Hakukuwa na mtu mwingine duniani ambaye angelielewa jambo hilo kwa maelezo hayo tu. Bomu alisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa.

"Maskini," alisema mwishowe. "Na wewe nani?"

* * *

Mvua zilikuwa zimekwisha ndipo msusi alipopiga simu. "Njoo, Baba," alisema. "Nimemwambia unakuja. Hakukataa."

Mzee alivaa shati lake la kutembelea watu. Alifika mchana. Nyumba yao mpya ilikuwa juu ya duka, na ngazi zake zilimtoa jasho. Tingatinga ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa sare ya ghala yenye vumbi la saruji.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Pita."

Alimpa kiti, akaleta chai. Aliuliza kama baba anatumia sukari, akaambiwa kijiko kimoja, akaweka. Akakaa. Akauliza tena kama anatumia sukari. Msusi, aliyekuwa akipanga vitana mezani, aliacha mikono yake ikae kimya. "Kijiko kimoja, imeshatosha," mzee alijibu taratibu. Wakanywa.

"Mkwe wako anataka tusameheane," Tingatinga alisema. "Ndiyo maana kakuita. Mimi nimekukaribisha kwa sababu wewe ni baba yangu na siwezi kukufungia mlango. Lakini nikwambie ukweli, sijakusamehe."

"Nakusikiliza."

"Siku ile ulikuja na shati hili hili. Ulikaa kwenye kiti cha kocha. Ukachukua gunia la mlangoni, ukalikung'uta, vumbi likamwingia machoni yule kijana wa viatu vya kijani, akaanza kucheka kabla ya wengine. Glavu zilikuwa nyekundu, ya kulia imepasuka dole gumba. Nilikuhurumia mara mbili za mwanzo. Mara mbili. Halafu nikaanza kukutafuta, sikupati, nikasikia mtu nyuma anasema 'huyu ndiye bingwa wetu?' Ulikuwa unalia, Baba. Nilikuona. Ulikuwa unalia na bado hukuniacha. Mtu anayelia kwa ajili yako si anakuhurumia? Sasa mbona hukunihurumia?"

Alisema yote hayo bila kusita, bila kutafuta neno, sauti inapanda. Msusi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Mzee Sabuni alikuwa amesahau chai. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa mbele, kama mtu mwenye njaa anayesikia sahani zikipangwa chumba cha pili. Viatu vya kijani. Dole gumba lililopasuka. Hata yeye hakuwa amelikumbuka dole gumba.

"Endelea," alisema.

"Niendelee na nini? Nimemaliza." Tingatinga aliinuka. "Narudi kazini. Utakula ndio uondoke."

Hakumshika mkono. Walimsikia akishuka ngazi kwa kishindo.

Mchana ulipopungua msusi alimsindikiza mkwe wake hadi kituoni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nisamehe, Baba. Nilidhani hasira zimepoa. Kumbe nimekuita uje kutukanwa. Nitaendelea kumwambia, taratibu, iko siku atalegea."

"Usimwambie kitu."

"Mnataka muishi hivi?"

"Sukari anasahau," mzee alisema. "Mlango, je?"

"Mara moja moja. Si sana. Ghalani wanamwandikia kila kitu kwenye karatasi."

"Lakini siku ile anaikumbuka yote. Umemsikia? Yote." Alimshika mkwewe mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mwache na hasira zake, mama. Mwache anichukie vizuri. Ila siku ukiona ananitaja kwa furaha, anauliza mbona Baba haji kututembelea, kama watu ambao hatujawahi kukoseana, siku hiyo nipigie simu. Nitakuja hata kwa miguu."

Msusi alimtazama, akaelewa, akageuza uso upande wa barabara.

Gari lilikuja. Mzee alipata kiti cha dirishani, na pembeni yake hakukaa mtu. Walipotoka mjini alianza kusogeza midomo bila sauti, akirudia maneno ya mwanawe kwa mpangilio wake, shati, kiti, gunia, kijana wa viatu vya kijani, na alipofika pale kwenye swali la mwisho alikoma, akarudi mwanzo.